Paa linavuja kwenye doma mvua ikija na upepo: flashi, lile bati la kuziba pale ukuta unapokutana na paa, inafungwaje kwa usahihi?

Binti wa Rau

Habari za leo wakuu. Naomba msaada kwa mafundi wa paa na kwa yeyote aliyewahi kupambana na jambo hili likaisha.

Nyumba ni ya mama, ipo Rau, Moshi. Ilipauliwa kwa bati la mgongo mpana, geji 28, rangi ya udongo. Mbele kuna doma mbili, vile vipaa vidogo vya pembetatu vyenye dirisha vinavyotokeza juu ya paa kubwa. Ya kulia haijawahi kusumbua. Ya kushoto inavuja, lakini si kila mvua. Mvua ikinyesha wima, hata iwe kubwa, hakuna tone. Ikija na upepo wa kupiga mbele ya nyumba, haichukui muda jipsamu ya sebuleni inaanza kuweka doa la njano. Na doa halipo chini ya doma, lipo kama mita mbili pembeni, kuelekea mlango wa korido.

Fundi aliyepaua alikuja akajaza silikoni kwenye maungio yote. Ilitulia kidogo, kisha ikaanza upya. Akaja akapiga saruji pale ukuta wa doma unapokutana na bati, akapaka rangi. Saruji sasa ina ufa mrefu kuanzia chini hadi juu. Fundi wa pili ameshauri tuibomoe doma yote na kufunika kwa bati la moja kwa moja. Mama hataki, anasema nyumba itapoteza sura, na mimi namuunga mkono.

Kuta za doma ni mbao zilizopigwa waya wa kuku na plasta juu yake. Mimi naishi Dar, nitapanda kwenda Moshi mwezi ujao, na nataka masika ya mwezi wa tatu yakute kazi imeisha. Naomba kuelekezwa: tatizo linaweza kuwa wapi, na kazi ikifanywa vizuri inatakiwa ionekaneje, ili nimsimamie fundi nikijua ninachokitazama.

Mjenzi Kwetu

Pole dada. Kwangu nilipaka lami ile nyeusi ya kwenye ndoo juu ya maungio yote, nikaweka na kitambaa cha nyuzi katikati, nikapaka tena. Msimu huu sijaona tone. Ni rahisi na unaimaliza kwa siku moja. Jaribu hiyo kabla ya kuanza kubomoa.

Fundi Paa Mbeya

Dada, pole kwako na umpe pole mama. Usiruhusu doma ivunjwe. Tatizo lako ni la kipande kidogo sana cha bati kilichokaa vibaya, na linarekebishika bila kugusa sura ya nyumba. Nitaandika kwa urefu kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikiharibiwa na tiba kuliko na ugonjwa.

Kaka Mjenzi, kwa heshima, lami inaweza kumvusha mtu msimu mmoja. Lakini juani inakauka na kupasuka, na siku fundi wa kweli akija lazima aikwangue yote kabla hajafanya chochote. Kwa dada huyu ambaye ana muda kabla ya masika, nisingemshauri.

Jambo la kwanza la kuelewa ni hili: kinachozuia maji kwenye paa ni mpangilio. Kila kipande cha juu kinalala juu ya cha chini yake, kama magamba ya samaki, kuanzia kofia, lile bati la kileleni, mpaka kwenye gata. Silanti, yaani dawa ya kuziba maungio kama silikoni, ni msaidizi tu. Ukiona fundi anaanza na bomba la silikoni kabla hajafungua chochote kutazama, ujue hajatafuta maji yanapoingilia.

Sasa kwa nini doa liko mita mbili pembeni? Maji yakishapita chini ya bati hayadondoki papo hapo. Yanashika papi, zile mbao zinazobeba bati, yanatembea juu ya ubao mpaka yakute kenchi, ile fremu ya mbao ya paa, yanateremka na kenchi mpaka yakute msumari au kiungo, ndipo yanadondoka kwenye jipsamu. Kwa hiyo doa linakuambia maji yamedondokea wapi tu, si yalipoingilia. Kwa kawaida tundu lipo juu zaidi ya doa upande wa mteremko, kwa hiyo tafuta ukielekea juu, usitafute palepale.

Na kwa nini upepo? Mvua ya wima inateremka na bati na kwenda zake. Upepo unayasukuma maji kupanda. Yanapanda kwenye mabonde ya bati mpaka chini ya ile flashi ya mbele ya doma, na kama ncha ya juu ya bati imeachwa wazi, yanaruka na kuingia darini. Upepo huohuo unailowesha plasta ya ukuta. Plasta ya waya wa kuku ni nyembamba, ina nyufa ndogo za nywele, maji yanapita nyuma yake na kuteremka ndani ya ukuta. Kama flashi imeishia nje ya plasta, maji hayo yanatua nyuma ya flashi moja kwa moja hadi darini. Hapo hata ujaze silikoni kiasi gani, unaziba upande usio na shida.

Kuhusu silikoni aliyotumia, mwombe mama akuangalizie bomba kama lipo bado. Kuna silikoni ambayo ikitoka kwenye bomba inanuka siki kali. Hiyo ni ya vioo na vigae vya bafuni. Ile asidi inayotoa wakati wa kukauka inakula zinki, na bati zetu nyingi zimepakwa zinki au mchanganyiko wa alumini na zinki. Unaziba leo, mwakani kutu imeanza chini ya silikoni ambapo macho hayafiki. Kwa bati inatakiwa silikoni isiyotoa asidi, ile isiyo na harufu ya siki, au silanti ya poliyurethani.

Saruji nayo nieleze, maana ndiyo inayopendwa zaidi. Bati linapigwa na jua mchana, jioni mvua inalipoza ghafla. Bati la mita 6 likipanda joto nyuzi 40 linarefuka karibu milimita 3. Saruji haiwezi kuifuata milimita hizo, kwa hiyo inapasuka. Ufa mrefu unaouona kuanzia chini hadi juu ni wa kawaida kabisa, fundi angepiga hata mfuko mzima ungetokea. Zaidi ya hapo saruji mbichi ina ukali wake na inashambulia alumini na zinki kwenye bati. Iondoe, taratibu, kwa patasi ndogo bila kutoboa bati.

Kabla ya kufungua kitu, pimeni kwa maji. Hili usiliache. Mtu mmoja aingie darini na tochi, mwingine awe juu na mpira wa maji usiobanwa mdomo, maji yatiririke tu. Mnaanzia CHINI. Kwanza lowesheni bati chini ya doma, msipande. Subirini kama dakika kumi. Kama darini pakavu, sogeeni kwenye flashi ya mbele chini ya dirisha, kisha kona ya kushoto peke yake, kona ya kulia, kisha ubavu mmoja kutoka chini kwenda juu, kisha ubavu wa pili. Baada ya hapo dirisha lenyewe, halafu vale, ule mfereji wa bati pale paa la doma linapokutana na paa kubwa, na mwisho kofia ya doma. Mkianzia juu, maji yatateremka kila mahali na hamtajua yameingilia wapi. Aliye darini akisema "yamekuja", simamisheni hapo hapo, piga alama kwa chaki.

Msiruke dirisha. Nimeitwa mara nyingi kwenye "flashi inavuja" na kukuta kizingiti cha dirisha kimelala tambarare au kinaangalia ndani, flashi haina kosa lolote.

Nieleze sasa kazi nzuri inavyokaa, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu ndivyo inavyofungwa.

Unaanza na bati zinazoishia mbele ya doma. Ncha zake za juu, kwenye yale mabonde bapa kati ya mgongo na mgongo, zinakunjwa kwenda juu kwa koleo la kukunjia, kiasi cha sentimita 2 hivi. Ni kazi ya dakika chache na mafundi wengi hawaifanyi, wakati ndiyo inayozuia yale maji yanayopandishwa na upepo.

Juu yake inalala aproni, yaani flashi ya mbele. Inapanda ukutani sentimita 15 na kushuka juu ya bati sentimita 20 au zaidi, na ukingo wake wa chini umekunjwa kidogo kuangalia chini ili ukae imara na usipeperuke. Chini yake unaweka sponji la kuziba lenye umbo la bati lako, kwa sababu mgongo mpana unaacha mapango makubwa ambayo upepo, popo na nyuki wote wanayapenda. Aproni lazima ipite kona za doma kila upande, sentimita 15 hivi, isiishie sawa na kona.

Kona. Hapa ndipo naomba usome mara mbili. Kona ya chini, pale mbele ya doma inapokutana na ubavu, ndiyo inayovuja kuliko sehemu nyingine yoyote kwa nyumba nilizofungua. Fundi anakata bati ili likunje kuzunguka kona, na palipokatwa pana tundu la ukubwa wa ncha ya kalamu. Kwa macho huwezi kuliona, ila maji yote ya ubavu wa doma yanapita juu yake. Kona inatakiwa kipande chake cha pekee, kinachokunjwa na kufungwa kwa riveti huku silanti ikiwa KATI ya bati na bati kabla ya kubana, si kupakwa juu baada ya kumaliza.

Kisha mbavu. Flashi ya ubavu inapanda ukutani sentimita 15, upande wa paa inavuka mgongo wa kwanza wa bati mzima na kushika wa pili. Ncha yake ya chini inalala JUU ya aproni. Ikibidi kuunganisha vipande viwili, cha juu kinapanda juu ya cha chini kwa sentimita 15. Skrubu zinapita juu ya mgongo, zenye washa ya mpira, zibanwe mpaka mpira ukae vizuri bila kutokeza pembeni. Kwenye bonde la bati usipige kitu.

Kwa ukuta wako wa waya na plasta, kuna kazi ya ziada. Bomoa plasta ya chini, ukanda wa sentimita 25 kuzunguka doma, mpaka kwenye mbao. Flashi ipande na kugongewa kwenye mbao, kisha karatasi ya lami itoke juu nyuma ya plasta iliyobaki na ishuke MBELE ya flashi. Ikipita nyuma ya flashi kazi imeharibika. Hapo maji yatakayopita nyuma ya plasta yatashuka na karatasi na kutua juu ya flashi, nje. Ule ukanda uliobomoa usiurudishie plasta mpaka chini kwenye bati. Funika kwa ubao au bati pleni, lisilo na migongo, lililopakwa rangi, na liache nafasi ya sentimita 5 juu ya paa ili pakauke na usione tena saruji imegusa bati.

Vale inaeleweka kirahisi zaidi. Inalazwa kabla ya bati, inaingia chini ya bati sentimita 20 kila upande, kingo zake zimekunjwa kurudi ndani ili maji yakifurika yasivuke. Katikati hakuna msumari hata mmoja. Kosa la kutafuta ni mwisho wake wa chini: lazima utokee JUU ya bati la paa kubwa. Nimeona vale zilizochomekwa chini ya bati, maji yote ya nusu ya doma yanamiminwa darini.

Pale juu kabisa kofia ya doma inapogusa paa kubwa pana kipande cha tandiko kinachounganisha vale mbili, na bati la paa kubwa linalala juu yake. Nacho kaguliwe.

Fundi asitumie grinda kukata bati juu ya paa. Cheche zinachoma rangi na vumbi la chuma linashika kutu palipotua, baada ya mvua chache utaona madoa mekundu paa zima. Mkasi wa bati upo na hauna gharama.

Mwambao

Fundi, mungu akubariki kwa maelezo haya. Mimi nipo Tanga, nyumba iko karibu na bahari, naomba niongeze ya huku kwa wanaosoma wakiwa pwani.

Kwetu chumvi ndiyo adui. Watu hudhani bati linaliwa zaidi pale mvua inapopiga, kumbe ni kinyume. Mvua inaosha chumvi. Panapooza kwanza ni pale palipojificha, chini ya ukingo wa paa la doma na sehemu ya juu ya flashi ya ubavu, kwa kuwa upepo unaleta chumvi na hakuna maji ya kuiondoa. Nilipobadilisha za kwangu, upande wa wazi ulikuwa mzima na rangi yake, huku kona iliyojificha ikibomoka kwa kidole kama biskuti iliyolowa. Sasa kila kiangazi kijana anapanda na mpira wa maji ya bomba anaosha mbavu za doma na vale, bila sabuni, bila brashi ya waya.

Na jambo jingine: kuna mtu alitaka kuniuzia vipande vya shaba kwa ajili ya vale, akisema shaba haiozi. Shaba haiozi kweli, lakini maji yanayotoka kwenye shaba yakitiririka juu ya bati la zinki yanalila. Nilikataa. Tumieni flashi ya aina moja na bati lenu.

Fundi Paa Mbeya

Mwambao, umesema kweli tupu, na hilo la shaba ni watu wachache wanalijua. Risasi nayo vivyo hivyo, msiilaze juu ya bati la alumini na zinki.

Wanjiru K.

Hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Limuru, Kenya. Nyumba yetu ni ya mawe ya machimbo, na paa ni la vigae bapa vya udongo, si mabati. Doma moja, ukuta wake nao ni wa mawe. Fundi, je, maelezo yako yanatufaa ama sisi ni habari nyingine? Aliyetujengea aliweka flashi moja ndefu ubavuni, kutoka chini hadi juu, ikiwa chini ya vigae. Majani ya mgrevilea yanajaa humo na maji yanafurika yakiingia ndani. Huku kwetu na ukungu huu wa mwezi wa saba, mbao hazikauki kabisa.

Fundi Paa Mbeya

Karibu sana dada Wanjiru. Kanuni ni ileile, umbo linabadilika. Kwa vigae bapa flashi moja ndefu si mpango mzuri, kwa sababu ikifurika mahali pamoja imefurika yote. Vigae bapa vinataka flashi za ngazi: vipande vifupi, kimoja kwa kila mstari wa vigae. Kila kipande kimekunjwa katikati, nusu inapanda ukutani sentimita 10 na nusu inalala juu ya kigae cha mstari wa chini, kisha kigae cha mstari wa juu kinakuja kukilalia. Kipande kinachofuata kinapanda juu ya cha kwanza kwa sentimita 5 au zaidi. Tone likiingia mahali popote linatolewa nje kwenye kigae kinachofuata, halipati nafasi ya kusafiri. Na majani hayana mfereji wa kujaa.

Kipande kifungwe upande mmoja tu. Ukikigongea paani na ukutani kwa pamoja, mbao zikicheza kidogo, nazo hucheza, kitachanika kwenye mkunjo.

Kwa kuwa ukuta wenu ni wa mawe, mna bahati ambayo dada wa Moshi hana. Mnaweza kuchimba kiungo kati ya mawe, kina cha sentimita 2.5, mkachomeka flashi ya pili humo, ikunjwe kushuka na kufunika zile za ngazi. Iwekeeni vijipande vya bati vilivyokunjwa kama kabari ili isitoke, kisha mzibe kiungo kwa silanti ya poliyurethani. Msichimbe jiwe lenyewe, fuateni viungo, hata ikibidi ile ya juu ishuke kwa hatua hatua.

Mgrevilea nasikitika kusema utahitaji kupunguzwa matawi yanayoelekea paani. Huku Mbeya tunapambana na mkaratusi kwa namna hiyohiyo.

Wanjiru K.

Shukrani sana. Sasa nimeelewa kwa nini aliyetangulia alikuwa akinisafishia tu kila mara na hakuna kilichobadilika. Mzee atapogoa miti wiki hii.

Binti wa Rau

Wakuu nimerudi. Nipo Moshi. Leo asubuhi tumepima kwa maji kama fundi alivyoelekeza. Mdogo wangu wa kiume alikuwa darini na tochi, kijana wa jirani juu na mpira.

Bati la chini ya doma: pakavu. Aproni katikati: pakavu. Tulipohamia kona ya kushoto peke yake, hazikupita dakika mbili mdogo wangu akapiga kelele. Maji yalikuwa yanaingia pembeni mwa mbao ya kona, yanatua kwenye papi na kwenda nayo upande wa korido, palepale doa lilipo. Nilipanda nikaangalia mwenyewe. Ukiondoa kipande cha saruji unaona bati limekatwa ili likunje, na katikati ya mkunjo pana tundu, nimeingiza ncha ya kalamu ikapita. Aproni imeishia sawasawa na kona, haikupita hata kidogo.

Tukaendelea na mengine. Ubavu wa kushoto nao ulitoa unyevu, si tone, ila mbao zilianza kubadilika rangi. Dirisha zima, vale zima. Doma ya kulia tuliipima pia, haikutoa kitu, na nilipoangalia kona yake nikakuta aproni imepita na kukunjwa vizuri. Nadhani zilifungwa na watu wawili tofauti.

Maswali yangu kwa fundi: je, nibadilishe flashi yote ya doma ya kushoto au kona tu? Nahitaji bati kiasi gani? Na ule unyevu wa ubavuni ni plasta?

Fundi Paa Mbeya

Hongera dada, mmefanya kazi nzuri kuliko mafundi wengi. Umepata tundu lako.

Ule unyevu wa ubavuni, ndiyo, kwa maelezo yako ni plasta. Maji yakipita kwenye nyufa za nywele yanalowesha taratibu, hayatoi tone. Ukifunga kona pekee, masika hii itapita salama, ila mbao za ubavu zitaendelea kulowa na kuoza kimyakimya mpaka siku utakapobadilisha fremu yote. Kwa hiyo jibu langu ni: badilisha aproni, kona zote mbili, na mbavu zote mbili za doma ya kushoto, pamoja na ule ukanda wa plasta. Vale usiiguse, imekupa jibu kuwa ni nzima. Doma ya kulia nayo iache, ila mwakani iangaliwe plasta yake.

Kabla ya kufunga, ziguse mbao za kona kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, ubao huo ubadilishwe sasa, kwa mbao iliyotiwa dawa.

Bati: nunua pleni shiti ya rangi ileile, geji 28, ya futi 8 kwa 4. Aproni inakula upana wa sentimita 37 hivi, yaani 15 za ukutani, 20 za paani na ukingo wa kukunja, kwa hiyo shiti moja inakutolea vipande vitatu vya urefu wa karibu mita 2.4. Flashi ya ubavu inategemea mgongo wa kwanza na wa pili wa bati lako vimeachana kiasi gani, mpimeni kuanzia ukutani mpaka uvuke mgongo wa pili, ongeza 15. Peleka vipimo kwa wenye mashine ya kukunja bati, usikubali kikunjwe kwa nyundo juu ya ukingo wa ubao, rangi itapasuka kwenye mkunjo na kutu itaanzia hapo.

Omba risiti ya silanti na uinuse mwenyewe kabla haijatumika.

Binti wa Rau

Asante sana fundi. Mama anakusalimu, amesomewa yote haya. Swali la mwisho: fundi niliyempata hapa anasema karatasi ya lami si lazima kwa sababu plasta ya juu atairudia kwa saruji nzito na rangi ya kuzuia maji. Nimkubalie?

Fundi Paa Mbeya

Nisalimie mama, mwambie ukuta wa doma yake hauendi popote.

Usimkubalie. Rangi ya kuzuia maji ni nzuri na apake, lakini plasta iliyopigwa juu ya mbao itapasuka tena kwa sababu mbao inavimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Karatasi ndiyo inayoshughulikia maji ya ufa ambao bado haujatokea. Roli moja ndogo inatosha doma nzima na itabaki. Mwambie kwa upole kwamba ndiyo sharti lako la kulipa.

Panga malipo hivi: akimaliza aproni, kona na mbavu, kabla hajafunika kwa ubao, asimame. Upande na mpira wa maji, urudie kona ya kushoto na ubavu kwa dakika kumi kila mmoja, mdogo wako awe darini. Piga picha za kona zote mbili kwa karibu, na picha moja inayoonyesha karatasi ikishuka mbele ya flashi. Pakiwa pakavu ndipo afunike na umalizie fedha yake. Ukitaka niziangalie picha hizo kabla hujamlipa, ziweke hapa, nitakuwepo jioni.